Helikopta juu ya milima ya barafu ya Greenland Mashariki: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Tangu nirudi kutoka Tasiilaq, maswali hayajakoma. Mengine yanatoka kwa watu wanaokusudia kwenda, mengine kwa ndugu na jamaa ambao mpaka leo wanashangaa mtu aliyezaliwa Tanga alifuata nini kwenye theluji. Nimeona heri niyakusanye mahali pamoja ili anayetaka ajisomee kwa nafasi yake.

Tasiilaq ni wapi hasa?

Greenland ni kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani. Ukichukua Tanzania ukaizidisha mara mbili, bado hujaijaza. Iko chini ya ufalme wa Denmark, lakini ina serikali yake ya ndani tangu 1979, na madaraka hayo yaliongezwa 2009. Wakazi wake hawafiki 60,000, nao wanaishi pembezoni mwa nchi, kwa sababu kama asilimia 80 ya ardhi imefunikwa na barafu. Katikati, unene wa barafu hiyo unapita kilomita 3.

Wengi wako upande wa magharibi. Mashariki, ng'ambo ya Iceland, pwani ni ndefu kupita kiasi na watu ni wa kuhesabu. Tasiilaq ndio mji mkubwa wa upande huo: watu kama 2,000, nyumba za mbao nyekundu, buluu na njano zimepanda miambani kuizunguka ghuba. Uko kama kilomita 100 kusini ya Duara la Aktiki.

Kwa nini helikopta? Hakuna barabara?

Hakuna barabara inayounganisha mji na mji Greenland. Hili watu wengi hawaliamini mpaka waone ramani. Barabara za Tasiilaq zinaishia pale mji unapoishia. Mbele yake ni jabali, maji au barafu.

Uwanja wa ndege uko kisiwa cha jirani, Kulusuk. Ulijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kituo cha rada cha Wamarekani, wakati wa vita baridi, na njia yake ya kurukia ni ya kokoto. Kutoka Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, unafika pale kwa muda wa saa mbili hivi kwa ndege ya panga. Tasiilaq yenyewe haina tambarare ya kuweka uwanja. Kwa hiyo ukishuka Kulusuk zimebaki kilomita 20 na kitu, na hizo ndizo za helikopta.

Kiangazi unaweza kuvuka kwa boti. Lakini kwa miezi mingi ya mwaka bahari ile inajaa barafu inayosafiri kutoka Bahari ya Aktiki, ikisukumwa na mkondo unaoshuka sambamba na pwani ya mashariki. Boti haipiti. Meli za mizigo zinasubiri kiangazi. Hapo ndipo utaelewa kwamba helikopta ile ni daladala yao. Kwetu helikopta ikishuka kwenye uwanja wa shule, watoto wanajua ni mgombea au tajiri. Kule anashuka fundi bomba na begi lake la vifaa, mama na kichanga, mwanafunzi anayerudi likizo, na gunia la barua. Vijiji kama Kuummiut, Sermiligaaq, Tiniteqilaaq na Isertoq navyo vinaitegemea. Na mgonjwa akizidiwa kijijini, inakuwa gari la wagonjwa: inampeleka kwenye hospitali ndogo ya Tasiilaq, na ikishindikana hapo, Kulusuk, apande ndege kwenda Nuuk, mji mkuu wa Greenland.

Safari ni ya muda gani, na unaona nini?

Dakika kama 10. Narudia kwa sababu kuna aliyeniuliza kama wanagawa chakula.

Lakini dakika zenyewe ni nzito. Helikopta inanyanyuka, pua inainama kidogo kama mtu anayetaka kukimbia, na ghafla ardhi inaondoka chini ya miguu. Kokoto za uwanja, nyumba chache za Kulusuk, halafu bahari. Nilitarajia bahari nyeupe. Niliyoiona ni nyeusi, nyeusi kama wino, na juu yake vipande vya barafu vimetawanyika mithili ya mihogo iliyoanikwa juani. Majabali makubwa ya barafu yanayoelea yanakuja na rangi yao: sehemu ya juu nyeupe, ukingo wa chini, pale maji yanapoulamba, kijani kinachong'aa kama chupa. Kutoka juu unaona pia kile kilicho chini ya maji, kimetandaa mara nyingi kuliko kinachojitokeza.

Kisha milima. Hii si milima ya mviringo kama Usambara. Ni meno. Imechongoka, myeusi ubavuni ambako theluji imeshindwa kushika, myeupe kwenye mabega, na katikati ya mlima na mlima kuna mito ya barafu iliyoshuka polepole kwa karne nyingi mpaka ikagusa bahari. Ukiitazama mito hiyo kutoka juu unaona mistari iliyopinda inayofuatana na bonde, michirizi ya mawe na vumbi yaliyobebwa kutoka milimani. Hapo ndipo akili inakubali kwamba barafu ile inatembea.

Siku ya nne tulichanga watu wanne, tukakodi helikopta ndogo tukaenda mbali zaidi, hadi hori ya Sermilik inapokutana na mto wa barafu wa Helheim. Mto huo unasogea zaidi ya mita 20 kwa siku. Fikiria ukuta wa barafu, mrefu kuliko jengo lolote la Tanga, unasogea kila siku kwa urefu wa mabasi mawili makubwa. Mbele yake hori imejaa vipande vilivyomeguka, vimebanana kiasi kwamba maji huyaoni. Rubani alizunguka mara mbili. Hakuna aliyesema neno kwenye vipokea sauti.

Ni helikopta za aina gani?

Kwa miaka mingi kazi ya abiria ilifanywa na Bell 212, ile yenye panga mbili pana na kishindo cha kupigapiga kinachosikika kabla hujaiona. Siku hizi kuna Airbus H155, yenye panga tano na sauti laini zaidi. Za kukodi huwa ndogo, za injini moja. Shirika la kitaifa, Air Greenland, lilianzishwa 1960, na rangi yake ni nyekundu iwakayo. Wekundu ule unafaa kazi: kwenye nchi nyeupe, chombo chekundu kinaonekana kwa anayekitafuta.

Baridi kali haizuii helikopta kuruka? Kilimanjaro si wanashindwa?

Watu wanachanganya baridi na urefu. Helikopta inapanda kwa kuisukuma hewa chini. Hewa ikiwa nzito, kila mzunguko wa panga unashika kitu; ikiwa nyepesi, panga zinazunguka bure. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa ufukweni. Ndiyo maana marubani wa uokoaji mlimani kwetu wanahesabu kila kilo, na hawamfuati mgonjwa kokote watakako.

Greenland ni kinyume. Unaruka karibu na usawa wa bahari, na baridi inaikaza hewa. Kwa mgandamizo uleule, hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kwa kama asilimia 20 kuliko hewa ya nyuzi 30 za Tanga mchana. Helikopta inanyanyuka kwa wepesi kabisa, na injini nazo zinapumua vizuri.

Baridi inaleta mengine. Betri zinachoka. Mafuta ya injini yanakuwa mazito kama asali ya asubuhi, kwa hiyo chombo kikilala nje bila kupashwa joto hakiwashwi hivi hivi. Mafuta ya ndege yanayotumika sana, Jet A-1, yana kikomo cha nyuzi 47 chini ya sifuri kabla ya kuanza kuganda.

Jambo jingine ni la siri zaidi. Kipimo cha urefu cha kawaida kinapima mgandamizo wa hewa, kisha kinabadilisha kuwa mita. Kwenye baridi kali hewa imejikunja, kwa hiyo kipimo kinasoma juu kuliko ulipo kweli. Kinaweza kukuambia uko mita 1,000 na kumbe uko karibu 850. Juu ya bahari haidhuru. Katikati ya milima, mita 150 ndizo uhai wenyewe. Marubani wa kule wanaongeza hesabu hiyo kabla ya kuingia bondeni, na wana kipimo cha pili kinachotuma mawimbi ya redio chini na kusoma umbali halisi.

Hatari kubwa ni nini? Usinifiche.

Sikufichi. Abiria wengi wanaogopa injini kuzimika. Marubani wanaogopa kutokuona.

Kuna mwanga unaoitwa bapa. Wingu jembamba limetanda juu, theluji imetanda chini, na mwanga unatoka pande zote sawasawa. Vivuli vinakufa. Mteremko, shimo, kilima, vyote vinakuwa karatasi moja nyeupe. Huwezi kujua kama theluji iko mita 5 au mita 500. Nimeuona mwanga huo kwa dakika mbili tukirudi kutoka Helheim. Kabla yake kivuli cha helikopta yetu kilikuwa kinakimbia pembeni yetu juu ya barafu, kidogo, chepesi kama nzi. Ghafla hakipo. Rubani hakusubiri hata kidogo: alipinda kushoto akaishika pwani, ambako kulikuwa na miamba myeusi, na tukaifuata miamba hiyo hadi nyumbani. Baadaye niliambiwa kwamba hiyo ndiyo kanuni yao: usiondoke kwenye kitu cheusi kabla hujaona kitu cheusi kingine.

Mwanga wa namna hiyo umeua watu wengi. Tarehe 28 Novemba 1979, ndege kubwa ya abiria kutoka New Zealand iligonga mlima Erebus huko Antaktika ikiwa na watu 257, wote wakafa. Chini ya mawingu kulikuwa na mwanga wa kuona, lakini mteremko mweupe na wingu jeupe viliungana, na mlima ukawa kama haupo.

Ya pili ni barafu inayojijenga kwenye panga. Ukiingia kwenye wingu lenye matone ya maji yaliyo chini ya sifuri, matone yanaganda yakigusa chuma. Panga linabadilika umbo, linapoteza nguvu, na barafu ikibanduka upande mmoja kabla ya mwingine chombo kinatetemeka vibaya. Helikopta kubwa za uokoaji, kama H225, zinaweza kuwa na panga zinazopashwa joto. Ndogo hazina. Kwa hizo, wingu ni ukuta. Asubuhi tulipoondoka nilimwona rubani amevua glavu akapitisha vidole kwenye ukingo wa panga, taratibu, kama mama anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa. Alikuwa anatafuta sakitu.

Ya tatu ni upepo, na huu una jina lake: piteraq. Hewa iliyo juu ya barafu kuu inapoa, inakuwa nzito, halafu inaporomoka kwenye mabonde kuelekea baharini kama maji yaliyofunguliwa. Kwa lugha ya wenyeji jina hilo lina maana ya kitu kinachokushambulia. Februari 1970 piteraq iliipiga Tasiilaq, na kasi yake ilikadiriwa kupita kilomita 300 kwa saa. Mji ulibomolewa vibaya. Leo idara ya hali ya hewa ikitoa onyo la piteraq, watu wanafunga kila kilicho nje na hakuna kinachoruka.

Ajali za helikopta zimetokea pia. Oktoba 1973, Sikorsky S-61 ilianguka kusini ya Nuuk ikaua watu 15. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba ni bembea. Nilichokiona ni kwamba watu wale hawaoni haya kukataa kuruka, na hilo lilinipa amani kuliko maneno yoyote ya kunituliza.

Nikiambiwa safari haipo, nifanye nini?

Kaa. Kunywa kahawa. Kuna neno la Kigreenland utalisikia hata kabla hujajifunza salamu: immaqa. Maana yake ni labda. Ndege inakuja kesho? Immaqa. Halina dharau ndani yake, wala uvivu. Kwa anayetoka kwenye "inshallah" linaeleweka mara moja.

Mimi nilikwama Kulusuk usiku mbili. Ukungu ulikuwa umekaa baharini, mwembamba tu, mpaka milima inaonekana kwa juu yake. Nikamwuliza rubani kwa nini tusipite juu ya ukungu. Akanijibu kwa upole: kupita juu ni rahisi, kushuka ndiko kugumu. Kosa langu lilikuwa kununua tiketi za kuunganisha zenye nafasi ya saa tatu, kwa ushauri wa wakala mmoja ambaye nadhani hajawahi kukanyaga kule. Nilipoteza tiketi ya kwenda mbele.

Weka siku mbili za akiba kwenda na siku mbili kurudi. Dawa zako za kila siku zitembee nawe mkononi, kamwe zisiwe kwenye begi kubwa. Na tafadhali usimbembeleze rubani. Kumbembeleza rubani kule ni sawa na kumsihi nahodha wa jahazi atweke tanga wakati kusi inavuma vibaya. Akikukubalia ndipo uogope.

Viza je? Schengen inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo wenzetu wengi wanapoumia. Greenland haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, wala haimo katika Umoja wa Ulaya. Ilijitoa kwenye jumuiya ile 1985. Viza unaomba kwa mamlaka za Denmark, na lazima iandikwe wazi kwamba inahusu Greenland pia. Ukiwa na stika ya kawaida ya Schengen isiyo na maneno hayo, unaweza kuzuiwa kupanda.

Tena ukipitia Iceland, kuingia Greenland ni kutoka Schengen. Kurudi ni kuingia upya. Kwa hiyo viza ya kuingia mara moja itakuacha nje ya mlango. Omba ya kuingia zaidi ya mara moja, na ueleze njia yako yote kwenye barua ya maombi.

Nivae nini, na mzigo kiasi gani?

Mzigo ni mdogo, kwa kawaida kilo 20, lakini soma tiketi yako. Pale Kulusuk wanapima kila kitu, na kwenye helikopta ndogo wanakupima na wewe mwenyewe ukiwa umevaa. Usione aibu. Wanatafuta uzito na mahali pa kuuweka, kama baharia anavyopanga shehena jahazini.

Vaa tabaka: fulana ya sufu inayogusa mwili, sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Pamba iache, ikilowa jasho inakugeuka. Glavu nyembamba ndani ya glavu nene, ili ukitaka kufunga mkanda usivue zote. Miwani ya jua ni ya lazima hata siku ya mawingu, maana theluji inaurudisha mwanga machoni. Mkanda na vipokea sauti utapewa.

Helikopta inaweza kutua juu ya barafu yenyewe?

Inaweza, na wanasayansi wanaopima Helheim wanapelekwa hivyo kupachika vifaa vyao. Kwa sisi wageni tulitua kwenye mwamba ulio pembeni, na hata hapo tulifundishwa kwanza.

Theluji laini ina mambo yake. Upepo wa panga unaipeperusha, na ghafla helikopta iko ndani ya wingu ililolitengeneza yenyewe. Rubani anachagua jiwe au kichaka cha alama, anakikazia macho, anashuka bila kuning'inia hewani. Akifika chini anaipondaponda theluji taratibu kuona kama inabeba. Chini ya theluji panaweza kuwa na ufa wa kina cha makumi ya mita uliofunikwa na utando tu. Ndiyo maana hakuna anayeshuka kabla ya kuambiwa, na mara nyingi injini haizimwi.

Ukishuka: inama, nenda mbele ambako rubani anakuona, kamwe usiende nyuma kwenye panga la mkia, ambalo likizunguka halionekani. Kama ni mteremko, shuka kwa upande wa bondeni. Upande wa juu panga ziko karibu na kichwa chako kuliko unavyodhani. Kofia ishike mkononi. Halafu chuchumaa pamoja na wenzako, mizigo mmeilalia, mpaka chombo kiondoke. Sekunde zile upepo wa panga kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri unachoma uso kama maji ya moto. Geuza uso.

Dubu weupe?

Wapo. Kutoka hewani sikumwona hata mmoja. Nje ya mji usitembee bila mwenyeji mwenye bunduki.

Naogopa urefu. Nitaweza?

Wengi wanaoogopa ghorofa hawaogopi helikopta, kwa sababu hakuna ukuta unaokuunganisha na ardhi kukupa kipimo. Tazama mbali, usitazame chini ya miguu. Kula kidogo kabla, usipande na njaa.

Milima ile ina majina? Nani aliipanda?

Wenyeji walikuwa na majina yao muda mrefu kabla ya ramani. Mdenmark Gustav Holm alifika 1884 kwa mashua za ngozi zilizopigwa makasia na wanawake wa Greenland, akakuta jamii ya watu zaidi ya 400 waliokuwa wakiishi kwa sili na nyangumi. Ramani za Ulaya zikaanza baada ya hapo.

Safu iliyo nyuma ya Tasiilaq inaitwa Schweizerland, jina la Uswisi, aliloipa Mswisi Alfred de Quervain, ambaye msafara wake ulivuka barafu kuu kutoka magharibi 1912 ukatokea huku. Mlima wake mkubwa, Forel, unapita mita 3,300.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha safu ya Watkins, mamia ya kilomita kaskazini-mashariki. Mwaka 1930 kijana wa Kiingereza wa miaka 23, Gino Watkins, alikuja na msafara kutafuta njia ya ndege kati ya Uingereza na Kanada. Walikuwa na ndege mbili ndogo za Gipsy Moth. Wakiwa angani wakaona mbali milima mirefu ambayo haikuwa kwenye ramani. Ndimo ulimo Gunnbjørn Fjeld, karibu mita 3,700, mrefu kuliko mlima wowote wa Aktiki. Ilionekana kwanza kutoka hewani, ndipo 1935 ikapandwa kwa miguu. Kati ya waliofika kileleni alikuwamo Augustine Courtauld, ambaye kwenye msafara wa kwanza alikaa peke yake miezi mitano katika kituo juu ya barafu kuu, wiki za mwisho hema likiwa limefukiwa kabisa na theluji. Watkins hakuiona siku hiyo. Agosti 1932 alitoka na kayaki kuwinda sili kwenye pwani iliyo kaskazini-mashariki ya Tasiilaq. Kayaki ilipatikana, yeye hakupatikana.

Nikiwa kule nitaswali vipi, na kibla nitakijuaje?

Swali hili limetoka kwa mama yangu mkubwa kwanza, kisha kwa wengi. Kutoka Tasiilaq, njia fupi ya kwenda Makka inaanza karibu mashariki moja kwa moja. Usitegemee dira ya sumaku peke yake: ncha ya sumaku haiko kwenye ncha ya dunia, na kule sindano inapotoka kwa digrii nyingi kwenda magharibi. Marubani nao wanatumia satelaiti kwa sababu hiyo hiyo. Chukua simu, au chukua ramani na jua.

Nyakati ndizo ngumu. Juni jua linazama kidogo tu na giza la isha haliji. Wanazuoni wametoa njia zaidi ya moja, ikiwemo kufuata mji wa karibu ambao alama za usiku bado zinaonekana, au kufuata saa za Makka. Muulize unayemwamini kabla ya kusafiri.

Msimu gani ni mzuri?

Machi na Aprili kwa theluji safi, sleji za mbwa na mwanga wa pembeni unaochora kila mkunjo wa mlima. Julai hadi mwanzo wa Septemba kwa boti, nyangumi na maua madogo ya miambani. Desemba jua linachungulia saa chache tu.

Ni kweli barafu inaisha?

Kwa vipimo vya satelaiti tangu 2002, Greenland inapoteza kwa wastani kama tani bilioni 270 za barafu kwa mwaka. Barafu yote ikiyeyuka, bahari za dunia zitapanda kama mita 7. Hilo ni la karne nyingi, lakini kupanda kumeshaanza.

Kuna jambo ambalo lilinikosesha usingizi nilipolielewa. Barafu kuu ni nzito mno kiasi kwamba inayavuta maji ya bahari kuelekea kwake. Ikipungua, mvuto unapungua, na maji yanaondoka. Karibu na Greenland bahari inashuka. Mbali, kwenye tropiki, inapanda kuliko wastani. Yaani maji ya Helheim hayabaki Sermilik. Yanakuja Pangani, Lamu, Unguja. Na ndiyo, helikopta niliyopanda ilichoma mafuta. Nimelipima hilo na sitakwenda tena kwa kutalii tu.

Wenyeji wenyewe wanaionaje safari hiyo?

Siku ya kurudi nilikaa jirani na bibi mmoja aliyepanda Tasiilaq. Alikuwa na trei ya mayai mapajani, imefungwa kwa kamba na taulo la jikoni juu yake. Tuliponyanyuka mimi nilikuwa nimeganda dirishani, simu mkononi, sijui nianze na mlima upi. Yeye alirekebisha taulo, akakumbatia trei kwa mikono miwili, akafumba macho. Alilala juu ya bahari nyeusi, akalala tulipopita meno ya mwisho ya milima, jua limempiga nusu ya uso. Magurudumu yalipogusa Kulusuk akafumbua macho, akainua ncha ya taulo, akayahesabu mayai kwa kidole, moja moja.